Choa cha Ndama Kinachofanana na Jipu

Choa wengi hukijua kwa alama yake ya duara lenye mwasho. Lakini kile kitokacho kwa ndama mwenye magamba ya kijivu kandokando ya macho huweza kuja kwa sura nyingine. Mtoto huvimba kichwani, hutoka usaha, na nywele hung'oka. Mwanamume huvimba ndevuni. Watu hudhani ni jipu, wakapasua. Hilo ni kosa, kwani asili yake ni kuvu, wala mafuta ya kupaka peke yake hayatoshi. Mpelekeni mgonjwa hospitali mapema apewe dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, lisije likabaki kovu lisiloota nywele tena. Ndama naye atengwe na kutibiwa, na zizi lisafishwe, maana kuvu hii hudumu miezi mingi katika nguzo zake.