Kuikosa Misa kwa Ajili ya Jirani

*Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mama Mkatoliki, nakaa Kimara Korogwe. Jirani yangu, bibi mzee Mwislamu asiye na mtoto hapa mjini, amepooza upande mmoja, na mimi ndiye nimwogeshaye na kumchotea maji. Jumapili tatu nimeikosa Misa, na jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo sikumbuki nilikwenda lini. Mwenyekiti wetu wa jumuiya amesema mbele ya wenzangu kwamba namtanguliza mtu, tena asiye mwenzetu, mbele ya Mungu. Je, nimetenda dhambi?*
*Mwenye Mashaka, Kimara*

Mama mpendwa,

Barua yako nimeisoma na kuirudia, na kila nikiirudia naona kwamba shaka yako imesimama juu ya dhana iliyoenea mno miongoni mwetu, nayo ni kudhani kwamba mapenzi ya binadamu ni kibaba kimoja cha unga, ukimpimia jirani umempunja Mungu. Kanisa halifundishi hivyo. Yesu aliulizwa amri iliyo kuu, akaulizwa moja akajibu mbili. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoichambua habari hiyo katika karne ya 13, alikata kauli kwamba kumpenda Mungu na kumpenda jirani ni tendo la namna moja, maadamu jirani hupendwa kwa ajili ya Mungu. Papa Benedikto wa 16 naye, katika waraka wake Deus Caritas Est wa tarehe 25 Disemba 2005, alionya pande zote mbili: amfumbiaye macho jirani hupofuka asimwone hata Mungu, na aliyejitenga na Mungu kabisa, mwishowe jirani humwona mtu baki tu.

Hukutenda dhambi. Misa ya Jumapili ni faradhi, sikufichi, wala mimi si katika wale waihafifishao. Walakini Katekisimu yenyewe humtoa lawamani mwenye sababu nzito, ikitaja kwa mfano ugonjwa na malezi ya watoto wachanga, nami sioni mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anatofautianaje na hao. Mtakatifu Visenti wa Paulo, huko Ufaransa ya karne ya 17, aliwausia masista wake kwamba maskini akiwahitaji saa ya sala, waiache sala wamwendee pasipo wasiwasi, kwani wamemwacha Mungu wakamwendea Mungu.

Ama huo usemi kwamba bibi huyo si mwenzetu, mwenyekiti akumbuke kwamba katika mfano wa Msamaria waliompita majeruhi walikuwa watu wa hekaluni, na aliyesimama alikuwa wa dini iliyodharauliwa. Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1992, zama ambazo mwenye UKIMWI alikimbiwa hata na nduguze, ilianza chini ya Jimbo Kuu la Dar es Salaam huduma ya PASADA, ambayo makao yake yako Chang'ombe, Temeke, nayo huwahudumia wagonjwa pasipo kuuliza nani amebatizwa na nani anaswali. Na maaskofu wa Afrika Mashariki, walipoazimia mwaka 1976 kuzipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo, muradi wao ulikuwa watu wa nyumba chache wajuane na wabebeane shida. Sidhani kama walikusudia daftari la mahudhurio.

Lakini nami nina neno na wewe. Jumapili tatu zina udhuru. Jumuiya usiyoikumbuka ulikwenda lini, je, ni bibi aliyekuzuia, au ni michango? Sikutuhumu. Jibu unalo wewe na dhamiri yako. Muuguzi asiyesali huanza kumnung'unikia mgonjwa wake, na hapo hasara huwa ya wote wawili.

Nenda jumuiya Jumamosi hii, ueleze hali ya bibi mbele ya wote, uombe ipangwe zamu. Waarifu na akina mama wa msikiti wa karibu, ambao huenda hawajapata habari, na kwao kumuuguza mwenzao ni thawabu wasiyopenda kuikosa. Parokia yako ikiwa na Misa ya Jumamosi jioni, hiyo yatosha kwa faradhi ya Jumapili. Kumwogesha bibi ni shughuli ya akina mama. Ila madumu ya maji, kwa vilima vya Kimara nivijuavyo, yanahitaji mwanamume, na ikiwa mwenyekiti wenu ni mwanamume mwenye afya, jina lake liandikwe la kwanza.