Mvumo kwa Bustani ya Bondeni

Bustani yangu iko bondeni Rufiji, mahali ambapo masika ikikolea maji hutuama hadi kwenye vifundo vya miguu. Mpapai hapa huoza mizizi msimu haujaisha. Mvumo ndio unaostawi, na majani yake mapana yaliyokunjuka kama pepeo huipa bustani haiba ambayo mnazi hauna.

Kwanza tuelewane kuhusu maji. Mvumo hupenda maji yaliyo chini ya ardhi, na huvumilia mafuriko yanayokuja na kuondoka. Maji yasiyoondoka huuua. Ukifika kwenye maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere utaona mivumo iliyokufa ikiwa imesimama majini, vigogo vitupu. Kwa hiyo mimi huchagua sehemu iliyoinuka kidogo: juu panakauka baada ya siku chache, chini unyevu unabaki hata kiangazi.

Okota matunda yaliyoiva na kuanguka yenyewe, yenye rangi ya chungwa na harufu nzito. Kwa kawaida kila tunda lina mbegu tatu. Ondoa nyama na nyuzi, kisha zipande zingali mbichi.

Zipande pale pale mti utakapoishi. Mbegu ya mvumo haianzi kwa jani. Hutoa mrija unaozama ardhini, nusu mita au hata zaidi, na mche huanzia huko chini ndipo upandishe jani la kwanza. Kwenye kifuko cha kitalu mrija hugonga kitako na kujikunja. Chimba shimo la kina cha mita moja, kisha urudishe udongo uliolainishwa na kuchanganywa na samadi iliyooza vizuri. Kama ni mfinyanzi mzito, ongeza mchanga. Laza mbegu, ifunike kwa udongo kidogo, weka matandazo, kisha chomeka vijiti kuizunguka ili mpaliliaji asiipitishie jembe. Ukimya wa miezi usikutie shaka wala usifukue: kazi inaendelea chini.

Majani ya kwanza ni membamba. Yale mapana huja baadaye, na kigogo huchukua miaka kuonekana. Acha mita nane kati ya mti na mti. Vikonyo vina miiba, basi usiupande kando ya njia ya watoto. Matunda nayo ni mazito, basi uwe mbali na paa.

Mvumo una dume na jike, na hutaujua mpaka utoe maua. Ukitaka matunda, panda kadhaa.

Zaidi ya yote, linda kilele chake. Mti huu hukua kutoka ncha moja tu. Mbuzi akiila ungali mche, au mgema akiikata akitafuta tembo, hakuna tawi la kushika nafasi yake. Zungushia mche uzio tangu jani la kwanza, na mti mkubwa usiukodishe kwa mgema.