Chakula cha utotoni na kubalehe kwa msichana

Mama mmoja alimleta kwangu bintiye wa miaka 9 aliyeanza kuota matiti. Alikuwa amekwisha kumchapa akidhani mtoto amejuana na wavulana, na jirani akamshauri amkataze mayai na maziwa. Yote mawili ni makosa.

Mpendwa msomaji, matiti hayaletwi na wavulana. Huletwa na homoni, nacho chakula huchangia kuamua homoni hizo zianze kazi lini. Kwa kawaida msichana huanza kubalehe akiwa kati ya miaka 8 na 13. Matiti huchomoza kwanza, kisha baada ya miaka 2 au 3 huvunja ungo.

Chakula huhusikaje? Mafuta yaliyo mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, ambayo huujulisha ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha. Ndipo ubongo huweza kuziamsha ovari. Kwa hivyo msichana mnene huelekea kubalehe mapema, naye aliyedhoofishwa na njaa au maradhi ya muda mrefu huchelewa. Urithi pia una nafasi yake: mama aliyevunja ungo mapema huenda bintiye akamfuata.

Kubalehe mapema mno kuna madhara. Mifupa hukomaa upesi, hivyo mtoto anayewapita wenzake kwa kimo leo huenda akabaki mfupi ukubwani. Hatari ya saratani ya matiti pia huongezeka kidogo baadaye maishani.

Je, mzazi afanye nini? Usimnyime mtoto chakula, kwa maana huu ndio wakati mifupa na damu yake inahitaji lishe zaidi. Mpe ugali kwa maharagwe au omena, sukumawiki, mayai, maziwa na matunda. Kinachofaa kupunguzwa ni soda, vibanzi na peremende. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba wasichana waliokunywa vinywaji vyenye sukari kila siku walivunja ungo mapema kidogo kuliko wenzao. Mwache pia acheze na kukimbia.

Mwone daktari iwapo matiti yataota kabla ya miaka 8, yasipoota kufikia 13, au hedhi isipoanza kufikia 15.

Juu ya yote, mweleze bintiyo habari za hedhi kabla haijamfika. Mtoto huyo alihitaji maelezo, si kiboko.