SOMO: KUPENDEZESHA KIBARAZA CHA ZEGE

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, nyumba nyingi mkoani Geita zina kibaraza cha zege tupu, cha kijivu, chenye madoa ya tope jekundu. Kukipendezesha hakuhitaji vigae. Niru yatosha.

Kwanza gongagongeni sakafu ya zamani kwa patasi, ioshwe na kulowanishwa; juu ya zege linaloteleza plasta mpya hubanduka. Pigeni plasta ya saruji ndoo 1 kwa mchanga ndoo 3, ikishuka kuelekea nje sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ingali mbichi, pakeni saruji iliyochanganywa na rangi nyekundu ya unga (isizidi kilo 5 kwa mfuko wa kilo 50), mkisawazisha kwa mwiko wa chuma. Mwagilieni maji siku 7. Ngazi ziachwe na mikwaruzo, kwani niru ikilowa huteleza, na wazee ndio wanaoumia.

Jambo kubwa ni mchanga. Marudio ya wachimbaji wadogo ni laini na yako karibu, hivyo hushawishi. Yakataeni. Mengi yamepitia zebaki wakati wa kukamata dhahabu, na mabaki yake yamo humo. Kibarazani ndipo watoto hutambaa na akina mama huchambua mchele. Katika bajeti andikeni mchanga safi, na mjumbe mmoja akaone unakopakiwa, maana hata mtoni wapo wanaooshea dhahabu.

Zikibaki fedha, jengeni viti vya matofali pande mbili, kama mabaraza ya Mji Mkongwe, Zanzibar, kimo cha sentimita 40 hivi, na niru ile ile ipite juu yake.