Kisu cha Mpini wa Bomba: Namna ya Kukifanya Kifae Porini

Likizo ya Pasaka ikikaribia huwa kuna wanajumuiya wanaopanga kwenda kupiga hema kwenye milima ya Scotland, na katika kila kundi hakosi mmoja mwenye kisu cha "Rambo". Mnakijua: ubapa mrefu, meno ya msumeno mgongoni, mpini wa bomba, na mwisho wa mpini kuna kifuniko cha kuzungusha chenye dira. Ndani ya bomba wameweka kiberiti, ndoana, sindano na uzi.

Wengi watakwambia kisu hicho hakifai kwa sababu mpini wake ni mtupu. Mimi nasema utupu hauna kosa. Kosa liko mahali pengine, na ukilijua utaweza kulipunguza kwa kazi ya jioni mbili tatu.

Kwanza historia kidogo. Kisu hiki hakikuzaliwa kwenye sinema. Mwaka 1963 karakana ya Randall, kule Florida, ilianza kutengeneza Model 18 kwa ajili ya askari wa Marekani waliokuwa wakipelekwa Vietnam. Mpini ulikuwa bomba ili askari aweke humo vidonge vya kusafishia maji na vitu vidogo kama hivyo, na meno ya mgongoni yalikusudiwa kutoboa na kukata bati laini la ndege iliyoanguka. Sio kuni! Sinema ya First Blood ilikuja 1982, na kisu chake kilitengenezwa na Jimmy Lile wa Arkansas. Baada ya hapo viigizo vikajaa kila soko.

Sasa tuingie kwenye hesabu, msiogope, ni fupi. Kila kisu kina msuka, yaani ule mkia wa ubapa unaoingia kwenye mpini. Panga la nyumbani linadumu kwa sababu msuka wake unakwenda mpini mzima, halafu umepigwa ribiti. Kwenye kisu cha mpini wa bomba msuka hauwezi kwenda mpini mzima, maana nafasi imeachwa kwa vikorokoro. Kwa hiyo katika vile vya bei rahisi ubapa unaishia kwenye kibolti kifupi, chenye nati moja ndani ya bomba.

Chukua kisu cha namna hiyo, ukandamize ubapa kwa uzito wa kilo 10 hivi (nyutoni 100), sentimita 15 kutoka kwenye mpini. Momenti pale kwenye kiungo ni nyutoni-mita 15. Ikiwa bomba lina kipenyo cha milimita 28 nje na 25 ndani, mkazo kwenye bomba ni kama megapaskali 19, ambao kwa alumini ya kawaida ni mzaha tu. Lakini bolti ya milimita 6, ambayo kwenye mzizi wa nyuzi zake imebaki kama milimita 5, ikiachwa ibebe momenti hiyo peke yake inapata megapaskali 1,200 na ushee. Bolti nzuri ya daraja la 8.8 huanza kupinda moja kwa moja ikifika 640. Umeona? Bomba, sawa na mwanzi, linabeba mzigo vizuri kwa sababu chuma chake kiko mbali na katikati. Bolti haina bahati hiyo. Nguvu yake inakwenda kwa kipenyo mara tatu, na kipenyo chenyewe ni kidogo.

Kinachoiokoa bolti ni mabega ya ubapa kugandamana na kikingio cha mkono bila kuacha nafasi. Nati ikiwa imekazwa barabara, mabega yanabeba sehemu kubwa ya mzigo. Nati ikilegea hata robo mzunguko, mabega yanaachia na bolti inabaki peke yake. Hapo ndipo ubapa unapokatika na kuruka, na mkono wako uko mbele yake.

Mwafrika mwenzetu mmoja alilitatua tatizo hili tangu mizizi. Chris Reeve, aliyeanza kazi Durban, Afrika Kusini, katika miaka ya 1980 na kuhamia Idaho mwaka 1989, alichonga ubapa na mpini kutoka pande moja la chuma, kisha akautoboa mpini. Hakuna kiungo, basi hakuna cha kulegea. Sisi wa mkopo wa masomo tunarekebisha tulichonacho.

Kabla ya kushika tupa, jamani, sheria. Hapa Uingereza kutembea na kisu cha ubapa usiokunjika mahali pa watu bila sababu nzuri ni kosa la jinai, na England na Wales kifungo kinaweza kufika miaka 4. Kinachoruhusiwa bila maswali ni kisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Kwenda kambini kunaweza kuwa sababu nzuri, lakini mzigo wa kuithibitisha ni wako. "Nakibeba kwa kujilinda" kwa kawaida haikubaliki. Safari ikiisha Jumapili, Jumatatu kisu kisikutwe kwenye begi la maktaba wala kwenye gari. Halafu, tangu 24 Septemba 2024, England na Wales zimepiga marufuku visu vyenye ubapa wa zaidi ya inchi 8, vyenye ncha kali na makali ya kawaida pamoja na sifa kama makali ya msumeno. Hivyo hata nyumbani huruhusiwi kuwa navyo. Visu vingi vikubwa vya "Rambo" vinakaribia sana maelezo hayo. Ukinunua, nunua cha inchi 5 au 6, kinatosha sana tu. Mwenzangu mwenye viza ya mwanafunzi hana haja ya kwenda kumfafanulia hakimu.

Haya, kazi. Vua kifuniko, mulika ndani kwa tochi. Ukiona nati, una bahati. Ukiona kipini chembamba tu kimepigwa ubavuni, au msuka hauna nyuzi na haufiki sentimita 2, kiache kiwe cha kufungulia barua. Ubapa uwe ndani ya ala wakati wote unapofanya kazi kwenye mpini.

Fungua nati, toa kila kitu, ufute mafuta kwa spiriti. Kwaruza ndani ya bomba kwa msasa ili gundi ipate pa kushika. Weka washa nene ya chuma badala ya ile ya bati. Paka epoksi kidogo kwenye mabega ya ubapa na kwenye nyuzi, kisha kaza nati mpaka ubapa usitikisike kabisa. Simamisha kisu, ncha ikiwa chini, kwenye ndoo ya mchanga, umimine epoksi ndani ya bomba mpaka ifunike nati kwa sentimita 2 au 3. Tumia ile ya kukauka kwa saa 24, achana na ya dakika tano. Gundi hii inazuia nati isilegee, na pia inaziba njia ya maji upande wa ubapa.

Asikudanganye mtu ukachomelee. Joto litaua ugumu wa ubapa karibu na kiungo, na mipini mingi ya bei rahisi ni ya aloi ya zinki inayoyeyuka kabla hujafika popote.

Meno ya mgongoni mimi nayaondoa. Kila bonde la jino ni mahali pa kuanzia ufa, na kuni hayakati. Tumia jiwe la kusagia huku ukichovya ubapa kwenye maji kila baada ya sekunde chache. Ukibadilika rangi ukawa wa buluu, ugumu umeshapotea. Acha mgongo uwe na kona kali ya mraba, utafaa kukwangua kijiti cha cheche.

Mpini wa chuma ukilowa unateleza, na kwenye baridi unauma. Wengi huzungushia kamba ya parashuti. Mimi napendelea mpira wa ndani wa tairi la baiskeli: haunywi maji, na ukikatwa vipande unawaka hata ukiwa umelowa.

Dira ya kifuniko sogeza karibu na ubapa uone sindano inavyohama. Chuma kinaivuta. Nunua dira ya kweli na ramani ya Ordnance Survey.

Kifuniko kiwe na pete ya mpira iliyopakwa vaselini. Weka karatasi ya chooni ndani, funga, zamisha kwenye beseni usiku kucha. Asubuhi ikiwa kavu, tayari. Nafasi iliyobaki, tuseme urefu wa sentimita 6, ni kama mililita 29, vijiko viwili vya mezani. Humo weka pamba iliyopakwa vaselini, vidonge vya maji, plasta mbili, sindano na uzi. Filimbi haiingii, ivae shingoni: ishara ya hatari milimani ni mipigo sita kwa dakika, unapumzika dakika moja, unarudia. Simu ikishika, piga 999, uombe polisi kisha kikosi cha uokoaji milimani. Usiweke kiberiti chote kwenye kisu, maana kisu kikianguka mtoni umepoteza vyote kwa pamoja.

Matumizi yake baada ya hapo ni kukata kamba, kuchonga vigingi, kufungua samaki. Kupasua kuni kwa kuugonga mgongo, au kubandulia vitu kama mtaimbo, hapana: kiungo kimekazwa, lakini bolti haijanenepa. Kazi hiyo ni ya shoka. Ukirudi chumbani vua kifuniko, kausha, shika ubapa ukiwa ndani ya ala na ujaribu kuutikisa. Ukisikia hata mchezo kidogo, usiende nacho tena.