Kifuko cha majimaji begani

Swali: Daktari, nina miaka 29 na hucheza mpira wa wavu. Bega la kulia linauma kwa nyuma, mkono umeishiwa nguvu. MRI imeonyesha kifuko cha majimaji kando ya kiungo. Ni saratani? Kinyonywe kwa sindano?

Jibu: Pole sana. Kifuko cha namna hii si saratani. Mara nyingi huanzia kwenye ukingo wa gegedu unaozunguka kiungo: ukichanika, ute hupenya na kujikusanya nje. Kinachonitia wasiwasi ni huo udhaifu. Nyuma ya kombe la bega hupita neva ya misuli inayozungusha mkono kwenda nje. Ikibanwa muda mrefu, misuli hiyo husinyaa, na huenda isirudi yote. Kisingekuwa kinabana neva, ningekushauri dawa za maumivu, mazoezi ya tiba na kusubiri. Sindano inayoongozwa na ultrasaundi huleta nafuu, lakini mchaniko ukibaki, majimaji mara nyingi hurejea. Mwone bingwa wa mifupa mapema, neva ipimwe. Akithibitisha kuwa imebanwa, upasuaji wa matundu madogo unaweza kukamua kifuko na kushona mchaniko kwa pamoja. Kupiga smashi kusimame hadi atakaporuhusu.