Deni la Sake

Juma hili tujifunze neno moja: kupokeana.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka. Siku tano kiisha, gavana akaamuru watu wa mitaa 10 ya Goma waondoke. Wengi walishika barabara ya Sake, kule Masisi, karibu kilometa 25, magodoro kichwani. Walilala makanisani, ndani ya nyumba za masomo, na kwa watu wasiowajua. Mama wa nyumba aliongeza mayi ndani ya sombe, basi.

Februari 2024 vita ikafika milima ya Sake. Mara hii watu wa Masisi ndio walioteremka Goma. Wengi waliingia kambini, Bulengo na Mugunga. Wengine walienda kubisha kwa wale waliowapokea. Kuna mlango uliofunguka, kuna mlango uliokaa kimya. Tusihukumu mbio: vyumba viwili, watu kumi na wawili, na bei ya unga, eh!

Kule Walikale, mahali gari haifiki, mgonjwa anabebwa kwa kipoyi. Vijana wanapokezana mabega kijiji kwa kijiji, wala hakuna anayeuliza mgonjwa ni wa ukoo gani.

Sasa sisi. Wenzetu waliokimbia vita, waliofika juma lililopita, hawana magodoro. Tulitundika karatasi ya wanaokubali kulala wawili wawili. Majina ni saba, na letu sisi wakubwa wa wanafunzi liliandikwa la mwisho. Karatasi ingali mlangoni pa chumba cha kulia.